Adabu ya Kukata Mti

Katika nchi zetu sifa zote za mti hupewa aliyeupanda. Yeye ndiye apigwaye picha akiwa na mche mkononi, yeye ndiye atajwaye katika hotuba za siku ya kupanda miti, na yeye ndiye ambaye dini imembashiria thawabu ya sadaka kila mara mtu, ndege au mnyama alapo katika matunda ya mti wake. Haki yake hiyo hakuna wa kuipinga. Walakini kupanda ni kazi ya asubuhi moja, ilhali mti huishi miaka 50, 100 au zaidi, na katika umri wake wote huo huguswa na panga, shoka na msumeno wa watu ambao aghalabu hakuna aliyewafundisha wala aliyewasifu. Tawi hili hukatwa kwa kuwa limelalia bati la nyumba, lile kwa kuwa kuni zimekwisha jikoni, na jingine kwa kuwa jirani amelalamika. Na mwisho wa mambo shina lenyewe huangushwa. Kazi hii ya pili, ya kuukata mti ulio hai au kuuondoa uliochoka, imedharauliwa kupita kiasi, na tangu msumeno wa mnyororo ulipoingia vijijini imekuwa rahisi kuharibika kuliko ilivyopata kuwa.

Zamani shoka lenyewe lilimlazimisha mkataji kutafakari. Mtu aliyejua kwamba mwembe mkubwa ungemchukua tangu alfajiri hadi adhuhuri hakuthubutu kupiga pigo la kwanza kabla hajauzunguka mti, akatazama umeegemea wapi, upepo unavuma kutoka wapi, na tawi lipi limebeba uzito kuliko mengine, kwa sababu kosa dogo lilimgharimu jasho la siku nzima. Msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chenso, umeifanya kazi ile kuwa ya dakika chache. Na neema hiyo, ambayo siikatai hata kidogo, imekuja na msiba wake, kwamba ule muda wa kuuzunguka mti na kuutazama umeondoka pamoja na jasho. Mashine haikupunguza haja ya maarifa. Imeizidisha, maana mkono ulio na nguvu nyingi bila ya elimu huharibu mengi kwa muda mfupi.

Basi na tuanze na mti wenyewe, kabla ya mashine. Mti ukijeruhiwa hauponi kama apoavyo mnyama. Ngozi yetu ikichanika, nyama mpya huchukua mahali pa ile iliyokufa. Mti hauna uwezo huo, na ubao uliojeruhiwa hubaki umejeruhiwa mpaka siku mti utakapokufa. Kinachofanyika ni kwamba mti huiwekea mipaka sehemu ile iliyodhurika, huziba mishipa yake kwa utomvu na kwa dawa zake wenyewe ili uozo usivuke, kisha huendelea kukua kwa nje, tabaka juu ya tabaka, hata kidonda kikafunikwa na kutoweka machoni pa watu, ingawa ndani kingalipo.

Aliyeyaeleza haya kwa ushahidi ulio wazi ni Mmarekani Alex Shigo, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2006, mtaalamu wa magonjwa ya miti katika idara ya misitu ya serikali ya nchi yake. Kabla ya zama zake wengi walimchunguza mgonjwa huyu kwa kumkata upana, wakatazama duara la kisiki na kukisia yaliyobaki. Shigo alipopata msumeno wa mnyororo mwepesi, unaobebwa na mtu mmoja, aliyapasua magogo kwa urefu, maelfu kwa maelfu, akaufuata uozo kutoka mlango wa kidonda hadi ukomo wake, na hapo akaona unasimama wapi na kwa sababu gani. Mashine ile ile inayolaumiwa kwa kuangamiza misitu ndiyo iliyotufungulia siri ya namna mti unavyojilinda, na sioni vibaya kuitendea haki kwa kulisema hilo.

Muhtasari wa elimu hiyo ulitangazwa mwaka 1977, nao ulieleza kwamba mti uliojeruhiwa huzuia uozo kwa kuta nne. Ukuta wa kwanza huzuia uozo kwenda juu na chini, nao ndio ulio dhaifu kuliko zote. Wa pili huzuia kwenda ndani kuelekea kiini. Wa tatu huzuia kuenea kwa ubavu. Na wa nne, ulio imara kupita zote, hujengwa baada ya jeraha, ukawa mpaka baina ya ubao wa zamani na ubao utakaoota tangu siku hiyo. Ndiyo maana mwembe wenye pango tumboni, ambalo watoto huingia na kujificha, huendelea kutoa majani na kuzaa kila msimu: ubao uliooza ni ule wa zamani, na uliouzunguka ni mpya na mzima. Mwaka huo huo wa 1977, kwa sadfa, Wangari Maathai alianzisha nchini Kenya harakati zake za Ukanda wa Kijani, zilizowaingiza wanawake wa vijijini katika kupanda miti kwa mamilioni. Laiti elimu hizo mbili zingalifuatana njia moja tangu mwanzo, ile ya kupanda na ile ya kukata, leo tusingekuwa na miti mingi hivi iliyosimama barabarani na viwanjani ikiwa na magongo makavu na vidonda vya urefu wa mkono.

Ukitaka kuona kwa macho yako, nenda kwenye mwembe wowote utazame mahali tawi linapotoka shinani. Kwa juu kuna mstari wa gome lililokunjamana, mweusi kuliko gome jingine. Kwa chini na pembeni kuna uvimbe unaolizunguka tawi kama ukosi unavyoizunguka shingo ya kanzu. Uvimbe huo si mali ya tawi. Ni mali ya shina, na ndani yake ndimo mti ulimoweka kinga yake. Msumeno ukipita nje kidogo ya ukosi huo, kidonda huwa kidogo na cha mviringo, na gome jipya huanza kukifunika kutoka pande zote. Ukipita ndani, sambamba na shina, kama wafanyavyo wengi kwa kudhani kwamba mkato ulionyooka ndio mkato safi, kidonda huwa kirefu, ukosi huondoka na kinga yake, na uozo hupata njia ya kuingia katika shina lenyewe. Na tawi likikatwa mbali, likabaki gongo la shubiri mbili au tatu, gongo hilo hufa, gome jipya haliwezi kulipanda, na ukungu na mchwa hulifanya daraja lao. Kukipaka kidonda rangi, lami au oili chafu, jambo ambalo watu wema hulifanya kwa huruma, hakuzuii uozo; mara nyingine rangi hiyo hufungia unyevu ndani na kuulisha ukungu ule ule unaoogopwa. Mkato uliowekwa mahali pake hauhitaji kupakwa chochote.

Tawi zito, lakini, halikatwi kwa mkato mmoja, na hapa ndipo haraka inapoponza. Mkato wa kwanza hupigwa kutoka chini, kiasi cha sentimita 30 mbali na shina, ukaingia robo au theluthi ya unene wa tawi. Wa pili hupigwa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi likianguka mpasuko wake hukomea kwenye ule mkato wa chini. Hapo sasa, uzito ukiwa umekwisha kuondoka, hufuata mkato wa tatu, wa utulivu, kando ya ukosi, ukaliondoa gongo lililosalia. Asiyejua huanza na huu wa tatu. Tawi hulemewa na uzito wake kabla msumeno haujafika upande wa chini, likavunjika na kuondoka na ukanda wa gome hadi kimo cha mtu. Nimeuona mfenesi ulioharibiwa hivyo, mbichi na mweupe toka mabegani hadi magotini, utomvu ukimiminika, na mwenyewe akihesabu kwamba alichookoa ni robo saa.

Kuna na desturi nyingine inayozidi kuenea mijini na vijijini, ya kukata kichwa cha mti, yaani kuyafyeka matawi yote ya juu yakabaki magongo, kwa hofu kwamba mti mrefu utaangushwa na kusi ukaivunja nyumba. Hofu yenyewe ni ya haki. Kisiwa cha Unguja hakijasahau katika tarehe yake tufani ya mwaka 1872, iliyoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, ikawaacha matajiri wa jana hawana shamba la kuvuna. Lakini dawa hiyo huzidisha ugonjwa. Mti uliopoteza majani yake kwa ghafula hujitahidi kuyarudisha, ukatoa machipukizi mengi membamba kutoka chini ya kila mkato, na machipukizi hayo hayana mizizi ndani ya ubao kama tawi la asili, bali yameshikilia ngozi ya juu tu. Baada ya miaka michache kila moja ni tawi zito, chini yake pameoza, na tufani ijayo hulikuta tayari. Mti wa kuogopwa hupunguzwa kwa hekima: matawi makavu kwanza, kisha yanayosuguana, kisha yaliyorefuka kuelekea paani, na kwa msimu mmoja haifai kuondoa zaidi ya robo ya majani yake.

Kwa mkulima mambo haya si ya uzuri wa bustani, ni riziki. Mkorosho, ambao Wareno waliuleta pwani yetu kutoka Brazili katika karne ya 16, huchanua na kuzaa kwenye ncha za matawi ya nje yanayopigwa na jua. Mashamba mengi ya kusini yalipandwa kwa kubanana, hata matawi ya mti huu yakaingia ndani ya mti ule, na yaliyopata kivuli yakafa yakiwa yamesimama. Kwa hiyo wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, huwausia wakulima nafasi ya mita 12 kwa 12, na kupogoa baada ya mavuno, kabla ya majani mapya kutoka, ili matawi makavu na machipukizi ya ndani yaondoke. Machipukizi hayo ya kivulini ndiyo hifadhi ya ubwiri unga, ule ugonjwa mweupe unaolipiga ua la mkorosho likakauka kabla ya kuwa bibo, na ambao mkulima hutumia fedha nyingi za salfa kupambana nao. Panga au msumeno mdogo uliotumika vyema huipunguzia salfa kazi yake.

Mkarafuu una kisa chake. Ubao wake ni mwepesi wa kuvunjika, na karafuu huwa kwenye ncha za vitawi, kwa hiyo mchumaji wa Pemba akiwa juu huvuta matawi kwa kamba na kwa ndoano, na pale pupa inapomzidi, hasa karafuu zinapokuwa nyingi na siku chache, huvunja kitawi kizima akakishusha chini kichumwe na watoto. Kila mvunjiko ni mlango. Ukungu unaoleta ugonjwa wa kukauka matawi huingia mkarafuu kwa njia ya vidonda, ukashuka polepole kutoka kitawini hadi tawini, na mwenye shamba huona matawi yakikauka miaka baadaye bila ya kuukumbuka ule msimu wa neema. Dawa yake inajulikana: kukata tawi lililoshikwa hadi kwenye ubao mzima, chini ya pale panapoonekana ugonjwa, na kukichoma kilichokatwa. Mchumaji naye akilipwa kwa namna inayomfanya asikimbilie kuvunja, shamba hufaidi kuliko dawa yoyote.

Sasa nirudi kwenye mashine. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza mwaka 1926 msumeno wa mnyororo uliotumia umeme, na mwaka 1929 akatoa unaotumia petroli. Yote miwili ilikuwa mizito, ikihitaji watu wawili kuishika. Meno ya minyororo ya zama hizo yalinyooka kama ya msumeno wa mkono, yakachakaa upesi na kuhitaji kunolewa kila mara. Mabadiliko makubwa yalitoka kwa mkata miti wa Oregon, Marekani, aliyeitwa Joseph Cox, ambaye mwaka 1946 aliketi mbele ya kisiki akamtazama funza wa mbawakawa akiula ubao, akagundua kwamba taya zake hukata kwa zamu, kushoto na kulia, akiondoa chenga badala ya kuchana nyuzi. Akaunda mnyororo wenye meno yaliyopinda kwa mfano wa taya hizo, na mwaka uliofuata akaanza kuuuza. Mnyororo ulio kwenye mashine ya fundi wa kijijini leo, awe Njombe au Meru, ni mjukuu wa huo.

Huko Muheza, katika mashamba ya machungwa chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, nilimtazama fundi mmoja mtu mzima akiunoa mnyororo wa aina hiyo, na ningependa kila kijana anayeshika mashine akaone. Aliukita msumeno kwenye mkato mdogo alioupiga juu ya gogo ili usicheze, akaweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, akachukua tupa ya mviringo ya milimita 4.8 inayolingana na mnyororo wake. Alisukuma tupa mbele tu, kamwe hakuirudisha nyuma huku imegusa chuma, mara tatu kwa kila jino, kwa pembe ile ile ya nyuzi 30. Akamaliza meno yote yaliyoelekea kulia, ndipo akahamia upande wa pili akaanza yanayoelekea kushoto. Nilipomuuliza kwa nini anahesabu, alinijibu, "Mwanangu, ukinoa upande mmoja zaidi, msumeno huenda upande huo, utakata duara, hutakata mti." Kisha akaiwasha mashine, akakata kipande cha gogo, akaokota kiganjani kilichotoka, akanionesha. Kilikuwa chenga ndefu, zilizotengana. Mnyororo butu hutoa vumbi laini, na anayeona vumbi hana budi kusimama anoe, kwani msumeno mkali hujivuta wenyewe ndani ya ubao, ilhali ulio butu husukumwa kwa nguvu za mikono, na mkono unaosukuma ndio unaoteleza.

Mbele ya kila jino kuna kijibonge cha chuma kinachopima jino lile liume kwa kina gani. Wapo wanaokipunguza sana kwa tupa bapa ili mashine ile haraka; nao ndio ambao mashine yao huruka mikononi. Jambo hili la kuruka lieleweke vizuri. Mnyororo hukimbia kwa kasi ya kiasi cha mita 20 kwa sekunde, na unapozunguka ncha ya lile bamba refu linalouongoza, sehemu ya juu ya ncha ikigusa gogo au tawi lililojificha, meno hung'ang'ania badala ya kukata, na nguvu yote ya injini huirudisha mashine juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aliyeishika, upesi kuliko anavyoweza kupepesa jicho. Ile breki iliyo mbele ya mkono wa kushoto imewekwa kwa ajili ya dakika hiyo. Mashine ambayo breki yake imevunjika au imefungwa kwa waya haifai kuwashwa, hata iwe imebakiwa na mti mmoja tu.

Injini yake ni ya mipigo miwili, haina tangi la kulainisha kama la gari, na oili yake husafiri ndani ya petroli. Kwa mashine nyingi za sasa kipimo ni sehemu moja ya oili ya 2T kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5, na kitabu cha mashine ndicho hakimu wa mwisho. Anayekisia kwa jicho, au anayemimina petroli tupu kwa sababu duka la oili liko mbali, huikwaruza pistoni, na injini hufa ikiwa ingali mpya. Mnyororo una oili yake ya pili, katika tangi la peke yake, na hapa wengi humimina oili chafu iliyotolewa kwenye magari. Oili hiyo imejaa chembe za chuma zinazokula bamba na mnyororo, hunyunyizika kwenye ngozi ya fundi kutwa nzima, na huingia katika udongo tunaolima mboga; unafuu wake ni wa siku ya kununua tu.

Kuangusha mti kuna utaratibu usiobadilika, uwe mti mwenyewe ni mkaratusi wa mpakani au mtiki wa Longuza. Kwanza husafishwa mahali pa kusimama, na njia ya kuondokea, ambayo ni ya kurudi nyuma kwa mshazari, si moja kwa moja nyuma ya shina. Watu na mifugo huwekwa mbali kwa umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili. Kisha hupigwa pengo upande ule unaotakiwa mti uangukie, kina chake kati ya humusi na theluthi ya unene wa shina. Mkato wa nyuma hufuata, juu kidogo ya kitako cha pengo, lakini haukutani nalo: baina yake huachwa ukanda wa ubao usiokatwa, kiasi cha ushuri moja ya unene wa shina, na ukanda huo ndio bawaba inayouongoza mti hadi ardhini. Anayeikata bawaba yote huuachia mti uchague mwenyewe pa kuangukia. Kabari hupigwa kwenye mkato wa nyuma mapema, kabla shina halijaubana msumeno, na kabari za mbao au plastiki ni bora, kwani ya chuma ikiguswa na mnyororo huvunja meno. Mti ulioinama sana mbele una hatari yake: nyuzi zake zimevutika, na ukikatwa nyuma kwa pupa shina hupasuka kwa urefu, nusu ikabaki kisikini na nusu ikapaa kwa kitako kumpiga mkataji kifuani. Kazi ya namna hiyo haimstahili mwanafunzi.

Nasikitika kusema kwamba katika vijiji vingi nilivyopita mkataji huifanya kazi hii akiwa na ndala miguuni, bila ya kofia ngumu, bila ya kinga ya macho, na masikio yake wazi kwa mngurumo unaozidi desibeli 100, ambao baada ya miaka michache humfanya asimsikie mkewe akimwita. Viatu vya ngozi, suruali nene, kofia na pamba za masikio si mapambo ya Wazungu. Gharama yake yote haifiki ada ya hospitali kwa mguu mmoja.

Kuhusu fyekeo na mashine ya kukata majani sina mengi, ila moja ambalo limeiua miche mingi kuliko ukame. Ile mashine ya uzi wa nailoni unaozunguka, inayotumika siku hizi kusafisha viwanja vya shule, misikiti na makanisa, hufyeka nyasi hadi kwenye shina la mche, na uzi wake humenya gome. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa njia ya gome la ndani. Gome likimenywa duara zima mizizi hufa njaa, na mche hunyauka taratibu wiki kadhaa baadaye, watu wakilaumu mbolea au jicho la hasidi. Nyasi za kuuzunguka mche ni za kung'olewa kwa mkono, umbali wa hatua moja pande zote, na mahali pake patandazwe majani makavu yasiyogusa shina.

Yabaki ya mwenye mti, maana fundi hufanya kwa kadiri anavyoamrishwa na anavyolipwa. Amwitaye fundi aanze kwa kuuliza kama mti unahitaji kibali cha ofisi ya misitu, na kama nyaya za umeme zimepita karibu, kwani tawi lililolalia waya halikatwi mpaka shirika la umeme limezima. Aoneshe kwa kidole kila tawi linalokatwa, na akubaliane na fundi juu ya magogo, ambayo kwa mti mkubwa huwa na thamani kuliko ujira. Ujira wenyewe uachwe kupimwa kwa mti mmoja mmoja, desturi inayomfanya fundi akimbie kutoka shina hadi shina na kuuona wakati wa kunoa kuwa hasara yake. Alipwe kwa siku, na saa za kunoa mnyororo, kusafisha chujio la hewa, kufyeka njia ya kuondokea na kuuzunguka mti kabla ya kuwasha mashine zihesabiwe kuwa kazi kamili, zilipwe sawa na saa za kukata.